Njaa ya Halima

Mjukuu wangu Mutheu,

Babu yako anakusalimu. Mimi bibi yako ni magoti tu yanayonisumbua. Unauliza kama kuchoka kumngoja Mungu akupe kazi ni kukosa imani.

Miaka ya tisini nilifundisha Modogashe, nikimwomba Mungu uhamisho nirudi Kitui kwa watoto wangu, hadi nikachoka kuomba. Jioni moja ya Ramadhani, jirani yangu Halima alikaa mbele ya sambusa na tende, midomo imekauka, akisubiri adhana.

"Huna njaa?" nikamuuliza.

"Njaa iko, mwalimu. Lakini saa si yangu."

Nikaketi naye, tukasubiri.

Uhamisho ulikuja mama yako akiwa amenipita kimo. Hilo linaniuma mpaka leo. Lakini tangu jioni ile simfichi Mungu njaa yangu. Nawe usimfiche.

Bibi yako