Kwaya ya Kusema Siyo

Jumapili, 7 Juni

Mpwa wangu, mzaliwa wa nchi hii, kaja mchana, faili kwapani. Mbunge huyo! Wa upinzani, lakini mbunge. "Shikamoo Mjomba, kuna chai?" – kwa pumzi moja.

Serikali imeleta Muswada wa Fedha. Umegawiwa Ijumaa jioni, unapigiwa kura Jumatano. Mnene kama godoro. Kanuni za Bunge zinataka siku zaidi, lakini zimetenguliwa kwa dharura. Dharura gani? Hakuna aliyeambiwa.

Ndani yake mna kodi ya tanuri. Kila tanuri la mkate, liwe la kiwandani au la uani, kodi ileile. Mama mwenye nyumba alisikia akiwa mlangoni, mikono imejaa unga. Tanuri lake liko chini ya chumba changu. Akasema ikipita anafunga, anauza nyumba, anakwenda kwa binti yake. Kisha akanitazama, akaona haya.

Mimi nimekwisha kuhama nchi mara moja maishani. Ilitosha.

Jumatatu, 8 Juni

Mpwa kanieleza hesabu zake. Upinzani wako kumi na mmoja. Kura ya kuhesabiwa hawaipati, mpaka wasimame thelathini. Lakini kwanza Spika huamua kwa sikio: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, upande uliovuma ndio umeshinda. Na baada ya chakula cha mchana, anasema, upande wa serikali nusu wako mgahawani na nusu wamelala – hasa tangu wanunuliwe viti vipya vinavyozunguka na kulala chali.

"Ndiyo yao ni miayo, Mjomba. Sisi tunakosa sauti tu. Si ulikuwa mwalimu wa kwaya kule kwenu?"

Nilikuwa. Kwaya ya chuo cha ualimu. Tangu nivuke mpaka sijasimama mbele ya watu na mikono juu, isipokuwa mbele ya askari.

Nilikubali kabla chai haijapoa.

Jumanne, 9 Juni

Mazoezi, stoo ya unga. Waheshimiwa wamekalia magunia. Suti nyeusi, makalio meupe. Kila mmoja anataka kusikika peke yake. Huyu wanayemwita Radi anasema siyo kama anafukuza mbuzi. Mchumi wao anaongeza maelezo: "Siyo, kwa sababu asilimia–" Nikamkatiza. Mwenyekiti wa chama akauliza kama ipo siyo yenye busara kidogo, ya mtu wa umri wake.

Nikawafundisha nilichofundisha zamani. Vuteni pumzi pamoja. Anzeni pamoja, malizeni pamoja. Sauti ya mtu isichomoze. Kufikia jioni – ee Mola! Siyo moja, nzito, laini, mpaka vumbi likashuka darini. Mama mwenye nyumba aliacha kukanda. Nilisingizia unga umeniingia machoni.

Jumatano, 10 Juni

Aibu!

Tulisikiliza redio jikoni. Mpwa alipewa dakika tatu, akazitumia vizuri. Kwamba mwenye tanuri moja la uani analipishwa sawa na mwenye kiwanda. Kwamba hospitali moja imewekewa jiwe la msingi mara ya tatu, kila mara na karamu, na leo ina mawe matatu na haina ukuta. Kwamba taarifa ya kamati haijagawiwa. Waziri wa Fedha akasema taarifa iko njiani. Mpwa akauliza njia hiyo ilijengwa kwa bajeti ya mwaka gani. Hata wao walicheka.

Spika akahoji. Ndiyo ikatoka kivivu, na vikohozi. Siyo ikafuata – nzuri ajabu. Safi. Haina mshono.

"Nimesikia ndiyo kadhaa," akasema Spika, "na siyo moja. Waliosema ndiyo wameshinda."

Siyo moja! Watu kumi na mmoja nimewafanya mtu mmoja.

Mama mwenye nyumba alizima redio. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, akarudi kwenye unga wake. Mimi hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Alhamisi, 11 Juni

Kumbe jana muswada ulisomwa mara ya pili tu; bado mara ya tatu, Jumanne. Nafasi ya mwisho. Mpwa kasema: "Sasa tuharibu, Mjomba."

Kuharibu! Nikawaambia kila mtu aseme kama anavyosema kwake akiudhiwa. Wapi! Nikiinua mkono tu, wanaungana. Radi siku hizi anafumba macho. Nimeishia kuikalia mikono yangu.

Jumamosi, 13 Juni

Mnunuzi kaja kupima nyumba. Kapima hadi chumba changu, akisogeza vitabu kwa mguu. "Hapa patafaa kuweka ndoo." Siandiki zaidi.

Jumanne, 16 Juni

Naandika nikiwa chumba cha walinzi, Bungeni. Wamenichukulia mkanda na fimbo. Shajara wameona haina madhara.

Nilikaa jukwaa la wageni. Ukutani bango: mgeni akae kimya. Spika akahoji. Ndiyo, miayo mitupu. Kisha siyo – mbovu kabisa, hongera zao! Radi kawahi, mchumi kaingia na asilimia yake, mwenyekiti kafika mwisho kama aliyekuwa akitafuta miwani. Lakini chini pakabaki tundu. Hapakuwa na besi. Sikio la mwalimu halivumilii. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Siyo ya tumboni, ndefu. Mimi nisiye na kura hapa wala kule!

Upande wa serikali ukaamka wote. Waziri akataka siyo zote zifutwe, kwa kuwa zimechanganyika na ya mgeni. Mpwa akajibu kwamba muswada mzima umeletwa nje ya Kanuni na hakuna aliyeufuta. Spika kaamuru mimi nitolewe, wao wahojiwe upya.

"Mzee, wewe raia?" mlinzi kaniuliza.

"Bado."

"Sasa tanuri lakuhusu nini?"

"Nalala juu yake."

Aliandika. Kisha akaongeza sauti ya redio iliyo ukutani. Mama mkwe wake naye huoka. "Tulia, wanahojiwa."

Ndiyo imekwisha kupita. Kubwa safari hii, wako macho. Sasa zamu ya wangu. Vipaza sauti vya ukumbini vinanasa kila kitu – nawasikia wakivuta pumzi. Wanavuta pamoja. Pamoja tena! Achaneni, wanangu, achaneni –