Goti Limevimba kwa Ajili ya Mdogo Wako

Mama watoto,

Goti langu la kulia limevimba kama boga, na aliyelivimbisha ni mdogo wako. Nimekwenda zahanati. Jiko nimelizima. Nguo bado ziko kwenye kamba na mawingu yamekusanyika, zianue.

Muuguzi aliniambia nitembee taratibu, mwendo ambao bado naweza kuongea. Nikawa nafanya hivyo kila asubuhi, hadi kwa kinyozi na kurudi, na tumbo langu hili hili. Leo wewe ukamtuma shemeji anisindikize. Akaniambia, "Shemeji, ukiweza kuongea, hayo si mazoezi, ni kusindikiza bibi harusi." Akanipandisha mbio ngazi za uwanja wa mpira, na watoto wa shule wanashangilia: "Kaza, babu!" Mimi wa kuitwa babu? Nikateleza mbele yao.

~~Mwambie afungashe virago vyake.~~ Hapana, ni mgeni wetu, abaki. Ila asiniamshe tena. Na wewe usinitafutie mwalimu. Kwamba nimenenepa najua, sikuomba shahidi.

Mpigie yule mwenye duka la dawa, mwambie dari yake siipaki rangi leo. Fundi asiyeweza kupanda ngazi atapaka nini?

Basi nimepoteza goti, nimepoteza kazi ya leo, na nimepoteza yale matembezi ya asubuhi, ambayo nilikuwa nimeanza kuyapenda.

Baba watoto