Marhoon na chale wa sinema za kauboi

Amur, nimetoka matangani kwa Marhoon sasa hivi. Nimo garini hapa Qurum.

Unamkumbuka yule chale wa ndevu wa sinema za kauboi, Unguja? Maisha yake yote ya sinema aliangushwa na punda. Stelingi akipata mchumba, yeye akipata vumbi. Marhoon akimwigiza mpaka tukilia kwa kucheka.

Mwaka 66 alimwigiza huku Matrah, tulikohamia, barazani kwa mwenzetu Sleyum. Siku hiyo akampa chale mwendo wa mkubwa mmoja wa serikali. Kesho yake askari wakamchukua. Alikaa ngomeni na pingu miguuni mpaka 70, na hakuigiza tena.

Leo matangani Sleyum anawasimulia vijana, anacheka nao: "Mimi ndiye niliyemwambia yule mkubwa. Nilidhani atacheka, kama wakubwa wa Unguja."

Nilidhani atacheka! Kasema hivyo, Amur, na kikombe cha kahawa mkononi.

Nikamwambia, "Rudia, Sleyum, mjane akusikie."

Kheiria akajibu mwenyewe, nyuma ya mlango: "Nshasikia. Marhoon alijua. Kila Idi tukikualika, akingoja umwombe radhi. Sasa utamwomba nani?"

Sleyum akakiweka kikombe chini. Na vijana hawakucheka tena.