Mzio Usio wa Ukoo

Ntalikwa, Tabora
3 Juni 1974

Mpwa wangu Koleta,

Salamu tele kutoka kwetu. Unaendeleaje na huo uuguzi huko Mwanza? Mkaza mjomba wako Bertila mzima, mbuzi wazima. Mimi pia mzima, ila nimechoka kidogo.

Nilianguka. Usishtuke. Nilikuwa juu ya mninga, kwenye mzinga wa kumi na saba, nyuki wakanitokea, sisemi mia, sisemi elfu, jua likafifia. Mwingine angekufa mara tatu. Mimi nilishuka polepole, nikalala chini ya mti kwa hiari yangu, na Jilala, kijana anayenisaidia mizinga, akanibeba hadi zahanati kwa sababu alitaka mwenyewe kunibeba. Damu yetu unaijua. Babu yetu alibeba pembe mbili za ndovu hadi Bagamoyo, na njiani akirina asali kwa mikono mitupu, msafara mzima ukala.

Tatizo ni watu. Huku mrina asali akitembea na mwanamke wa nje, nyuki humnusa wakamchoma. Sasa Bertila ananitazama kwa jicho la pembeni. Nitumie dawa ya nguvu nirudi mzingani mapema, maneno yaishe. Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa mizinga yote iko chini yangu, na mwenyekiti hana mwingine.

Ni mimi mjomba wako,
Hilari


Mwanza
20 Juni 1974

Shikamoo mjomba,

Mimi sijambo, kazi tu ndiyo nyingi. Pole sana. Kabla ya dawa naomba unijibu, na usitie chumvi: nyuki walikuwa wangapi? Walikuchoma wapi? Ulivimba midomo? Pumzi ilibana? Iliwahi kukutokea kabla ya hapo?

Mpwa wako,
Koleta


Ntalikwa
9 Julai 1974

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo, ingawa umeniuliza kama hakimu.

Haya. Alikuwa mmoja. Kidole gumba. Nilikuwa bado niko chini, sijapanda.

Viganja viliwasha, kisha mwili ukaota mabaka, midomo ikawa kama ya kiboko (hapo sitii chumvi), koo likaziba, pumzi ikapiga filimbi. Halafu giza. Damas wa zahanati alinichoma sindano nikaamka natetemeka. Mwaka jana nyuki mmoja alinichoma vilevile, mkono ukavimba hadi begani. Nilisema nimeulalia.

Miaka thelathini wananichoma na ninaona kama manyunyu. Koleta, nimewakosea nini? Usimwambie mtu.

Mjomba wako,
Hilari


Mwanza
25 Julai 1974

Shikamoo mjomba,

Natumaini mmeamka salama. Nilimsomea daktari wetu barua yako na hakucheka. Anasema una mzio wa sumu ya nyuki. Huko kuchomwa miaka yote hakukukinga; mwili unaweza kugeuka siku yoyote, ukaanza kupigana na kitu ulichokizoea, na kila safari ukazidisha. Umepona kwa sababu Jilala ana mbio na Damas alikuwa na sindano. Siku kimoja kikikosekana, utakufa kabla maji ya ugali hayajachemka.

Usirudi mzingani. Vidonge hivi ni vya kumeza ukichomwa kwa bahati mbaya, huku ukikimbizwa zahanati. Si ruhusa ya kupanda mti. Namfahamu mjomba wangu, ndiyo maana maneno hayo nimeyapigia mstari.

Mpwa wako,
Koleta


Ntalikwa
2 Septemba 1974

Mpwa wangu,

Marahaba. Vidonge nimepokea, salamu za daktari pia.

Lakini mzio naujua. Mzio wa ukoo wetu ni nyama ya pongo, tumeachiwa na mababu, na sababu yake inajulikana. Nyuki hawamo. Mzio haumwoti mtu ukubwani kama mvi.

Tulifanya mkutano wa kijiji. Mwenyekiti akaniuliza, "Hilari, wewe mgonjwa au umevunja mwiko?" Mgonjwa hapewi mizinga. Mvunja mwiko anaogeshwa dawa, anarudi kazini. Nikapiga hesabu nikiwa nimesimama pale pale, nikasema nimevunja mwiko.

"Na nani?"

Na Zamda wa Kaliua.

Hakuna Zamda, Koleta. Lakini walipouliza anafananaje, mdomo wangu si unaujua: mrefu, ana mwanya, anauza maandazi stesheni treni ya Mpanda inapoondoka. Jilala akadakia, "Huyo? Namjua!"

Bertila alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Alisimama, akakung'uta kanga, akaondoka. Sasa yuko kwa kaka yake Itetemia. Nimeshaogeshwa dawa. Novemba narudi mzingani, na yeye hasira zitamwisha. Ugali wangu napika mwenyewe, haupendezi.

Mjomba wako,
Hilari


Mwanza
11 Novemba 1974

Shikamoo mjomba,

Barua zangu mbili hukuzijibu. Sijui kama naandikia mtu au kaburi.

Nimechoka mjomba. Kutwa wodini nabembeleza watu wameze dawa, nikitoka nakubembeleza wewe kwa kalamu. Juma lililopita tuliletewa mwanamume kutoka mwambao wa ziwa, kachomwa na nyuki mmoja tu kama wewe, yeye shingoni. Walimleta kwa baiskeli. Mimi ndiye niliyemfumba macho.

Mkaza mjomba sitamwandikia. Uongo uliusema wewe, uende wewe. Nijibu neno moja tu: uko hai?

Koleta


Ntalikwa
11 Desemba 1974

Mpwa wangu Koleta,

Marahaba. Niko hai.

Nilifika hadi chini ya mninga. Jilala alikwisha kuwasha moshi. Nikawasikia nyuki wanavuma huko juu, na viganja vikaniwasha kabla hawajanigusa. Niliogopa. Neno hilo sijawahi kuliandika, tazama mwandiko ulivyopinda. Nikampa Jilala kamba, nikaenda moja kwa moja Itetemia.

Bertila alikuwa anachambua mbegu. Nikamsomea barua zako zote.

"Kwa hiyo hakuna Zamda?"

"Hakuna."

"Na Jilala anayemjua?"

"Jilala naye mwongo."

Nilidhani atacheka. Akasema, "Bora angekuwapo. Mwanamke ningejua pa kumweka. Wewe umenivua nguo mbele ya kijiji ili usiitwe mgonjwa."

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu nilisimama mkutanoni nikasema yote, mzio, woga, na maandazi yasiyokuwapo. Walicheka hadi mwenyekiti akafuta macho. Mizinga kapewa Jilala. Huwa anakuja kuniuliza mzinga fulani uko mti gani, namwelekeza nikiwa nimekaa kibarazani. Akiondoka, naingia ndani nalala. Damas ameniwekea sindano yenye jina langu, na vidonge viko mfukoni mwa shati hata nikienda kisimani.

Jumanne Bertila alitokea na jembe begani. Ameniagiza niandike wazi kwamba hajarudi, amekuja kupanda karanga tu. Shamba letu la karanga ni dogo, huisha kwa siku mbili.

Leo ni siku ya tisa.

Mjomba wako,
Hilari