Meza ya Baba Niliyoing'arisha

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako hajambo, ila goti linamsumbua. Umeuliza kwa nini naranda mbao sakafuni, ilhali meza ya useremala ya marehemu baba yangu ipo, tena inang'aa.

Baba alipofariki, nilitaka watu wa arobaini waikute nzuri. Nikaipiga msasa siku tatu, nikaipaka vanishi mpaka ikawa kama kioo. Mama akaja, akapapasa ukingoni, mahali palipokuwa na alama za msumeno wa baba. Palikuwa laini. Akasema taratibu, "Umejitahidi, mwanangu," akaondoa mkono.

Mpaka leo nikiiinamia meza ile kumtafuta baba, nauona uso wangu tu.

Mungu akutunze huko uliko.

Babu yako,
Bagamoyo