Ulanzi Chini ya Sakafu ya Ndege

Jeni, sijui uso wangu niuweke wapi.

Leo nimekagua kutu kwenye kile kindege cha enzi za Mwingereza, ule ukaguzi wa lazima. Nafungua sakafu hapa uwanjani Njombe, bati limeliwa, linanuka ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi.

Nikamgeukia rubani Kefa mbele ya abiria. "Nani anabeba pombe humu? Mnataka kuua watu?"



Nikarudia, Jeni. Kwa nini nilirudia? "Nani?"

"Dada Idda, ni madumu ya mama yako. Kila nikitoka Ludewa ananipa nikuletee."

Ule ule tunaokunywa mimi na wewe. Na unajua dumu la ulanzi halikazwi kifuniko, litapasuka; kwa hiyo angani lilikuwa likimwagika, na uchachu wake ukala bati.

Ndege nimeizuia. Mimi na abiria sote tumepanda basi la Makambako. Dumu la leo Kefa amenikabidhi mbele yao, nimelipakata.