Sifuri za Karani

Jumatatu, 3 Machi
Dada kanipigia asubuhi, niko darasani na watoto sita wa mbwa wanaokojoa kila kona. Karani amemng'ata fundi bomba. Kisigino. Kiatu ndicho kilichomwokoa. "Mdogo wangu, njoo leo. Shemeji yako anasema atatafuta mtu wa kummaliza."

Karani ni mbwa wa dada, mweusi, miaka minne, kifua kama mlango. Jina alipewa kwa sababu humkagua kila aingiaye kana kwamba anadai hati.

Nimefika saa kumi. Shemeji sebuleni, miguu juu ya meza. Akasema kazi yangu ni kubembeleza wanyama, na mbwa huyu hataki shule, anataka fimbo. Nikamjibu kwa adabu, shemeji ni shemeji, kwamba mwaka wa kumi na moja huu sijampiga mbwa hata mmoja, na wengi niliowatengeneza waliharibiwa na fimbo hiyo hiyo. Akacheka. "Shem, ungekuwa na mume ungeelewa." Nikaimeza.

Nimewaachia mambo matatu tu. Akinguruma, asiguswe wala asigombezwe. Kunguruma ndiko kusema kwake "nipishe". Ukimnyima hilo, atasema kwa meno. La pili, dada ajaze jedwali kila siku: amenguruma mara ngapi, kwa nani, kwa umbali gani. La tatu, vipande vya maini mfukoni, mbwa apewe kimoja kila mgeni anapoingia.

Dada aliitikia tu. Siku hizi haongei. Zamani ugomvi wake ulisikika nyumba ya tatu! Mama husema ndoa imemtuliza.

Jumatatu, 10 Machi
Dada kanitumia picha ya jedwali. Jumanne kumi na nne. Jumatano kumi na moja. Alhamisi tisa. Ijumaa tatu. Halafu sifuri, sifuri.

Nimeruka pale ofisini kama mwehu. Daktari — mwenzangu wa kituo chetu cha mbwa, yeye hushughulikia miili, mimi tabia — aliiangalia muda mrefu. Akauliza: kutoka kumi na nne hadi sifuri, ndani ya siku sita? Mbwa gani huyo? Nikamwambia yeye ana kijicho tu. Akarudi kwenye sindano zake.

Jioni nimempigia shemeji mwenyewe kumpongeza. Nimesema kabisa, "Hongera, umefanya kazi nzuri." Alishukuru, tena kwa upole.

Jumatano, 12 Machi
Naandika kwa kushoto. Nyuzi kumi na tisa mkono wa kulia.

Nilikwenda kwa dada kumwona Karani. Alikuwa kimya. Ameketi, mdomo umefungwa, amenitazama. Nikaona ametulia. Nikainama na ini mkononi. Hakunguruma. Hakuonyesha jino. Alikuja tu, akashika, akatikisa. Nilisikia nyama yangu ikiachana. Damu hadi ukutani. Dada alimvuta kwa miguu ya nyuma huku shemeji amesimama mlangoni anasema, "Umeona? Umeona sasa?"

Karani yuko kituoni kwetu, chumba cha peke yake. Siku kumi za kuangaliwa kama ana kichaa.

Alhamisi, 13 Machi
Siku kumi bado, lakini sababu si kichaa. Ningetamani angekuwa nacho.

Daktari alimpa dawa ya usingizi akamnyoa shingo. Chini ya manyoya, vidonda viwili vya mviringo, sawasawa, vimejaa usaha. Pande zote mbili za koo. Kola ya umeme. Mtu anabonyeza kitufe, mbwa anachomwa. Kila Karani alipofungua koo kusema "nipishe", alichomwa. Basi akaacha kusema.

Dada hakudanganya. Zile sifuri zilikuwa za kweli. Mwongo ni mimi niliyezisoma. Watu chungu nzima nimewafundisha kwamba kimya si utulivu, mtazame mwili, mtazame mwili! Nami nikatazama tarakimu.

Nimelia juu ya beseni la dawa. Daktari hakusema "nilikuambia". Ningependa angesema.

Jumapili, 16 Machi
Nimekwenda kwa dada. Nilijiapiza sitapaza sauti.

Shemeji hakukana. Alikitoa kitufe mfukoni, akakiweka mezani kama mtu anayeonyesha simu mpya. Kimefanya kazi, alisema. Hata wewe ulinipigia kunipongeza.

Nilimpigia. Nilimpongeza.

Hapo dada akaleta chai. Shemeji akanyoosha mkono kuchukua kikombe, kikombe tu. Dada akajikunja. Kidevu chini, uso pembeni, uzito wote mguu wa nyuma, ulimi ukapita juu ya midomo haraka. Ishara nne kwa mpigo. Hizo ndizo ninazozifundisha Jumamosi kwa picha ukutani. Niliziona kwa mbwa wa watu wote, sikuziona kwa dada yangu, mwaka wa saba huu wa ndoa yake.

Jikoni nilimpandisha mkono wa gauni. Kijani, njano, na zambarau mpya juu yake. "Ni mlango," alisema. Nikamwuliza mlango gani una vidole. Akafungua bomba maji yavume, akaniomba nisimharibie. Nikimwudhi shemeji mimi, anayelipa ni yeye, ndivyo alivyosema.

Nimeondoka. Nilitaka kuichukua ile kola niifunge kwenye shingo ya yule mwanamume na kubonyeza mpaka betri iishe. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilitaka kumsikia.

Jumanne, 18 Machi
Dada yuko kwangu.

Alikuja saa tatu asubuhi, kiatu kimoja, kanga imefungwa kichwani, imelowa damu. Jino la mbele limevunjika. Sikio limechanika pale hereni ilipokuwa. Alikuwa amemwambia mumewe kwamba Karani asirudishwe kwao, abaki kituoni. Hilo tu. Alipigwa kwa mkanda, kisha kwa kile chuma cha mkanda, kisha akaburutwa kwa nywele mpaka bafuni. Anasimulia bila kupanda wala kushuka, kama anasoma orodha ya sokoni.

Hospitali, halafu polisi. Afande mmoja mwanamke aliandika vizuri, akaniambia shemeji akija nyumbani kwako usifungue, piga simu, na andika kila kitu na saa yake. Nimefunga mlango, nimefunga madirisha, nimemlaza dada kitandani kwangu. Analala amejikunja, mgongo ukutani.

Hataki niketi karibu. Nimeketi sakafuni, umbali wa hatua mbili, ubavu kwake, kama ninavyoketi na mbwa mgeni. Baada ya saa nzima alisogeza mguu ukagusa bega langu. Sikugeuka.

Jumatano, 19 Machi
Saa 7:40 mchana. Shemeji amekuja. Ameupiga mlango teke mara tano, bawaba ya juu imelegea. Ananiita kahaba wa mbwa. Nimepiga simu. Wanasema wako njiani.

Saa 7:52. Kavunja dirisha la jikoni kwa tofali. Nondo zimemzuia. Ameingiza mkono, akanikosa, akajikata mwenyewe. Jirani wa juu amemfokea. Nilikuwa na kisu cha maini. Sikukitumia. Nyuzi mbili zimefumuka.

Saa 8:05. Amenyamaza.

Saa 8:10. Anaongea sasa, taratibu, mdomo kwenye tundu la kitasa. Mke wangu. Mama. Nimekosa. Nimeitupa kola, nimeitupa na kitufe. Tukamchukue Karani, turudi watatu. Nina damu, mama, njoo unifunge. Sauti ya asali kabisa. Dada ameinuka kitandani. Ananyoosha gauni.

Nimemwambia usiende. Nimemwambia taratibu, sauti ya chini, kama kazini. Akasema, "Ameumia." Nikamwambia polisi wanafika. Akasema, "Wakifika watamchukua, na akitoka ataniua. Nikifungua sasa hatanifanya kitu. Wewe humjui, mdogo wangu, mimi ndiye ninayemjua." Akapita kando yangu. Ufunguo ulikuwa mlangoni. Akaushika.

Nimempiga.

Kofi, kwa mkono huu wa kushoto, usoni, upande wa lile sikio. Kwa nguvu zangu zote. Kichwa chake kiligonga kabati. Nikauchomoa ufunguo.

Saa 8:17. Polisi bado. Dada yuko sakafuni kati ya kabati na jokofu. Hakulia. Kidevu chini, uso pembeni. Nimeketi hatua mbili kutoka kwake, ubavu kwake. Nikasogea kidogo nimwangalie sikio. Alijilamba midomo.

Shemeji amelisikia kofi. Ananiuliza mlangoni, kwa upole, kama mtu wa nyumbani: "Shem, naye hataki shule?"